Siku ya Waslovakia Huko Kennywood, na Vyama Vilivyoitegemeza

Katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani, kiasi cha maili 10 kutoka katikati ya mji wa Pittsburgh, iko bustani ya zamani ya michezo na burudani iitwayo Kennywood. Imejengwa juu ya ukingo wa mto Monongahela, mahali palipoinuka, hata mtu akisimama pembeni aweza kuona bonde lote. Ndani yake mna farasi wa mbao wazungukao kwa muziki, na magari madogo ya reli yapandayo juu ya vilima vilivyojengwa kwa mbao, kisha yakaporomoka kwa kasi hata abiria wakapiga mayowe kwa hofu na furaha pamoja.

Kila mwaka, siku moja ya majira ya joto, huonekana katika bustani hiyo watu waliovaa mashati na sketi zilizotariziwa kwa nyuzi za rangi. Husali Misa, huimba nyimbo za Kislovakia, na hucheza ngoma za vijiji ambavyo wengi wao hawajaviona kwa macho. Hiyo ndiyo Siku ya Waslovakia, nayo ilianza katika miaka ya 1920.

Msomaji aweza kuuliza: watu hawa ni nani, na kwa nini walichagua bustani ya bembea kuwa mahali pa kukumbuka asili yao? Tena lipo swali zito zaidi. Lugha ya babu zao imekwisha karibu yote midomoni mwa vitukuu. Je, sherehe isiyo na lugha ina faida gani? Makala hii yataka kueleza jinsi sherehe hiyo ilivyopata kuwako, na ni kitu gani hasa kilichoiwezesha kudumu.

WATU WALIOTOKA MILIMANI

Slovakia ni nchi ndogo katikati ya Ulaya. Kaskazini imepakana na Poland, ambako milima ya Tatra ndiyo mpaka, na kusini imepakana na Hungaria. Kwa muda wa miaka elfu hivi Waslovakia walikuwa chini ya taji la Hungaria, nao hawakuwa na dola yao wenyewe. Walikuwa wakulima na wachungaji wa kondoo, wenye lugha yao, lakini lugha hiyo haikupewa kiti cha heshima katika nyumba za serikali.

Katika miaka ya 1874 na 1875 serikali ya Hungaria ilifunga shule tatu za sekondari zilizokuwa zikifundisha kwa Kislovakia. Mwaka 1875 ilikifunga pia Matica slovenská, chama kilichokuwa kikichapa vitabu na kulinda utamaduni wa Waslovakia. Mwaka 1907 ikatoka sheria ya shule iliyojulikana kwa jina la waziri Apponyi, nayo iliwalazimisha walimu kutumia Kihungaria zaidi na zaidi, hata katika madarasa ya watoto wadogo wasiokijua. Mwaka uo huo, tarehe 27 Oktoba, wanakijiji wa Černová walikusanyika kuzuia kanisa lao jipya lisibarikiwe pasipo padre waliyempenda, Andrej Hlinka, mwana wa kijiji chao. Askari polisi wakawafyatulia risasi, na watu 15 wakafa.

Lakini dhuluma peke yake haikuwaondoa watu kwao. Njaa nayo iliwasukuma. Shamba la baba liligawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata sehemu ya mtu mmoja ikawa haitoshi kulisha nyumba yake. Basi, tangu miaka ya 1880 mpaka vita kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waslovakia wapatao nusu milioni walishika njia ya kwenda Marekani. Walisafiri kwa treni mpaka bandari za Ujerumani kama vile Bremen na Hamburg, kisha kwa meli mpaka New York. Jimbo la Pennsylvania lilipokea wengi kupita majimbo mengine, maana ndiko kulikokuwa na makaa ya mawe na viwanda vya chuma.

Wengi wao hawakukusudia kukaa. Kijana alisema moyoni: nitafanya kazi miaka mitatu au minne, nitapata fedha za kununua shamba na ng'ombe, kisha nitarudi nioe. Wako waliorudi kweli kama walivyokusudia, na wengine walikwenda na kurudi zaidi ya mara moja. Lakini wengi walinaswa na kazi, wakazaa watoto, wakazika wazee, na siku ya kurudi ikawa inasogezwa mbele mwaka hata mwaka.

KAZI YA TANURI

Ng'ambo ya mto, mkabala wa bustani ya Kennywood, uko mji mdogo wa Braddock. Hapo ndipo Andrew Carnegie alipofungua mwaka 1875 kiwanda cha chuma cha pua kiitwacho Edgar Thomson. Karibu na hapo iko miji ya Homestead na Duquesne, nayo ilikuwa na viwanda vikubwa vya chuma. Waslovakia waliingia katika viwanda hivyo kwa mlango wa chini kabisa: kubeba, kuchimbua, kusukuma, kusafisha matanuri.

Zamu ya kazi ilikuwa saa 12. Kila baada ya majuma mawili, zamu ya mchana ilipobadilishana na ile ya usiku, kundi moja lilifanya kazi saa 24 mfululizo pasipo kulala. Mwaka 1907 mfanyakazi asiye na ufundi alilipwa senti 16 na nusu kwa saa. Ili kuweka akiba, wanaume wengi walipanga pamoja katika chumba kimoja, na kitanda kimoja kiliweza kutumiwa na watu wawili: aliyetoka zamu ya usiku alilala mahali palipoachwa na yule aliyekwenda zamu ya mchana. Wenyeji waliwaita kwa jina la dharau, Hunky, pasipo kujali kama mtu ni Mslovakia, Mhungaria au Mkroatia.

Jambo baya kuliko yote lilikuwa kifo kazini. Mwanamke mmoja mwanasheria, Crystal Eastman, alichunguza ajali za kazi katika wilaya ya Allegheny, yaani Pittsburgh na miji iliyoizunguka. Aliona kwamba katika mwaka mmoja tu, tangu Julai 1906 mpaka Juni 1907, watu 526 waliuawa na ajali za kazi. Kati yao 195 walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Zaidi ya nusu ya familia zilizofiwa na baba zilipata kwa mwajiri dola 100 au chini ya hapo, na nyingine hazikupata hata senti. Sheria ya wakati huo ilisema kwamba mtu akikubali kazi ya hatari ameikubali na hatari yake, na kama aliumizwa kwa uzembe wa mfanyakazi mwenziwe, mwajiri hana deni. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi haikupitishwa katika jimbo la Pennsylvania mpaka mwaka 1915.

Basi fikiri hali ya mjane wa Kislovakia katika Braddock mwaka 1900. Mumewe ameungua katika chuma kilichoyeyuka. Hajui Kiingereza. Ndugu zake wako mbali, ng'ambo ya bahari. Ana watoto wanne, na kodi ya nyumba inadaiwa mwisho wa mwezi. Ni nani atakayemzika mume huyo, na nani atakayewalisha watoto?

CHAMA KABLA YA NGOMA

Waslovakia walilijibu swali hilo wenyewe. Mwaka 1890 mjini Pittsburgh, Peter Rovnianek na wenzake walianzisha chama cha taifa cha Waslovakia. Mwaka huo huo, mjini Cleveland, padre Štefan Furdek alianzisha umoja wa Wakatoliki wa Kislovakia, ambao watu huuita Jednota, yaani Umoja. Mwaka 1892 wanawake nao walianzisha chama chao katika Cleveland, kwa sababu mama akifa nyumba huanguka sawasawa na baba akifa.

Mpango wa vyama hivi ulikuwa mwepesi kufahamika. Katika kila mji palikuwa na tawi lenye mwenyekiti, mwandishi na mtunza fedha. Kila mwanachama alitoa mchango wake kwa wakati uliowekwa. Akiugua, alisaidiwa. Akifa, wanachama walimsindikiza mpaka kaburini, na mjane akapewa fedha zilizoahidiwa, mia kadhaa za dola, zilizokusanywa senti kwa senti kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakupata kumwona marehemu. Hii ndiyo iliyokuwa bima yao.

Msomaji aliyepata kukaa Nairobi au Mombasa atatambua habari hii mara moja. Katika miji yetu pia, watu waliotoka sehemu moja ya mashambani waliunda vyama vya kuchangiana ili mwenzao akifa asizikwe kama mtu asiye na watu. Palipo na ugeni na hatari, jambo la kwanza ambalo watu hujipangia ni mazishi. Ngoma huja baadaye.

Lakini chama kilichoanza kwa mazishi hakikuishia hapo. Daftari la wanachama lilihitaji mwandishi ajuaye kusoma na kuandika Kislovakia. Mkutano ulihitaji ukumbi. Taarifa za michango zilihitaji gazeti. Mwalimu Ján Slovenský alikuwa amekwisha kuanza kutoa gazeti la Kislovakia mjini Pittsburgh mwaka 1885, na baada yake vyama vikawa na magazeti yao wenyewe. Kisha wakajenga makanisa kwa michango, na kando ya kanisa wakajenga shule. Mwaka 1896 kikaanzishwa chama cha mazoezi ya viungo kiitwacho Sokol, maana yake kozi, yule ndege mwindaji, ili vijana wawe na miili yenye nguvu na nidhamu. Hivyo Mslovakia wa Pennsylvania, aliyedharauliwa kiwandani, aliweza kuchapa kwa lugha yake mambo ambayo ndugu yake katika Hungaria angefungwa kwa kuyachapa.

MKATABA WA PITTSBURGH

Nguvu ya vyama hivi ilionekana wazi wakati wa vita kuu ya kwanza. Mwaka 1907 ulikuwa umekwisha kuundwa, mjini Cleveland, Umoja wa Waslovakia wa Marekani ili kuunganisha sauti zao. Mwishoni mwa Mei 1918 wajumbe wa Waslovakia na Wacheki waliokaa Marekani walikutana Pittsburgh pamoja na Tomáš Garrigue Masaryk, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Chekoslovakia. Wakakubaliana kwamba mataifa haya mawili yaungane katika nchi moja, na kwamba Slovakia iwe na utawala wake, bunge lake na mahakama zake, na lugha ya Kislovakia itumike katika shule na ofisi.

Chekoslovakia ilitangazwa tarehe 28 Oktoba 1918. Ahadi ya utawala wa ndani haikutimizwa kama Waslovakia wengi walivyoitazamia, na ugomvi juu ya mkataba huo uliendelea kwa miaka mingi. Walakini jambo la kukumbukwa ni hili: watu waliokwenda ughaibuni kwa sababu ya njaa, wakafanya kazi za chini, waliketi meza moja na kiongozi wa taifa kuzungumza habari za kwao. Waliweza kwa sababu walikuwa na vyama, na vyama vilikuwa na daftari, fedha na gazeti.

BUSTANI ILIYOJENGWA NA TRAMU

Sasa na tuitazame bustani yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 miji mingi ya Marekani ilikuwa na tramu za umeme. Tramu hizo zilijaa siku za kazi, lakini jioni na siku za mapumziko zilikwenda karibu tupu. Makampuni yakapata shauri: mwisho wa njia ya tramu wakaweka bustani yenye kivuli, ziwa la mashua, ukumbi wa dansi na bembea, ili watu wapande tramu hata siku ambazo hawaendi kazini. Hivyo ndivyo Kennywood ilivyoanzishwa mwaka 1898 na kampuni ya tramu ya Monongahela, mahali palipokuwa pa kupumzikia tangu zamani katika shamba la jamaa ya Kenny.

Watu wa mabonde ya chuma waliipenda mno. Nyumbani palikuwa na moshi, masizi na vyumba vya kubanana. Bustanini palikuwa na miti na upepo. Shule, viwanda, makanisa na vyama vilipanga siku zao za kwenda huko na vikapu vya chakula. Ndipo zikatokea siku za mataifa: siku ya Wakroatia, ya Wapolandi, ya Waitalia na ya wengine. Hata Wahungaria, ambao serikali yao ilikuwa imefunga shule za Waslovakia, walikuwa na siku yao katika bustani iyo hiyo.

Si ajabu kwamba Siku ya Waslovakia ilianza katika miaka ya 1920 na si kabla. Mambo mawili yalikuwa yamebadilika.

La kwanza ni saa za kazi. Mwaka 1919 wafanyakazi wa chuma wapatao 350,000 waligoma, na Waslovakia wengi walikuwa miongoni mwao. Mgomo ulishindwa mwanzoni mwa 1920. Lakini lawama za watu juu ya zamu ya saa 12 hazikukoma, na mwezi wa Agosti 1923 kampuni kubwa ya chuma ya Marekani ilianza kuiondoa na kuweka zamu ya saa nane. Mtu afanyaye kazi saa 12 anapopata nafasi hulala. Yule afanyaye saa nane hupata nafasi ya kucheza na watoto wake.

La pili ni kufungwa kwa mlango. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1921, na nyingine kali zaidi mwaka 1924, za kupunguza wageni waliotoka Ulaya ya kusini na mashariki. Kwa sheria ya 1924 nchi nzima ya Chekoslovakia ilipewa nafasi 3,073 tu kwa mwaka. Zamani kila meli ilileta vijana wapya waliojua nyimbo na hadithi za kijijini. Sasa chemchemi hiyo ilikauka. Wazee walitambua kwamba yale ambayo hayatafundishwa kwa watoto waliozaliwa Marekani hayataletwa tena na mtu mwingine.

MAMBO YA SIKU HIYO

Siku ya Waslovakia ina desturi zake. Husaliwa Misa, maana wengi wao ni Wakatoliki, ijapokuwa wako pia Walutheri na wa madhehebu mengine. Baada ya ibada huja muziki na ngoma. Vijana huvaa mavazi ya asili, na mjuzi aweza kutambua kwa namna ya utarizi kwamba vazi hili ni la kijiji fulani na lile la bonde fulani. Katika muziki wa kwao kuna filimbi ndefu ya wachungaji iitwayo fujara, ambayo yaweza kuwa ndefu kuliko kimo cha mtu, na sauti yake ni nzito kama ya mtu anayenong'ona kwa mbali. Huonekana pia bendera yenye ngao ya Slovakia: msalaba wenye mikono miwili, umesimama juu ya kilima cha kati katika vilima vitatu.

Vyakula vya kwao vina mahali pake. Holubky ni nyama na mchele vilivyofungwa katika jani la kabichi na kupikwa polepole. Halušky ni vidonge vya unga na viazi, huliwa pamoja na kabichi au jibini ya kondoo. Viko pia vikate vitamu vilivyokunjwa pamoja na njugu au mbegu. Vyakula hivi vilikuwa vya maskini. Leo hupikwa kwa fahari.

Lakini watoto hawaendi Kennywood kwa ajili ya kabichi. Huenda kupanda gari la reli liitwalo Jack Rabbit, lililojengwa mwaka 1920, au Racer la mwaka 1927, ambamo magari mawili hushindana sambamba. Wazee walilijua jambo hili vizuri. Mtoto ambaye angekataa kwenda kusikiliza hotuba katika ukumbi wa kanisa, hakukataa kwenda kwenye bembea. Akifika huko humwona babu akicheza, husikia nyimbo, hukutana na binamu zake wa miji mingine, na wako hata waliopata wachumba. Kwa hiyo bustani ya burudani haikuwa mahali pasipofaa kwa jambo zito. Ilikuwa mahali ambapo wazee na watoto walikwenda kwa furaha sawa.

Tena mtu akiwa katikati ya shangwe hiyo, akitazama chini ng'ambo ya mto, aliona matanuri ya Edgar Thomson yakitoa moshi. Kwa wale waliofiwa na baba au kaka mahali hapo, bustani na tanuri vilikuwa ni habari moja.

LUGHA ILIVYOPOTEA

Hata hivyo haifai kuficha ukweli. Sherehe hiyo haikuiokoa lugha. Wale waliotoka Ulaya walizungumza Kislovakia nyumbani, kanisani na chamani. Watoto wao walikisikia na kukifahamu, lakini shuleni na mitaani walizungumza Kiingereza, na wengine waliona haya kuitwa Hunky. Katika vita kuu ya pili vijana wengi walikwenda jeshini, na waliporudi walijenga nyumba mbali na mitaa ya viwanda, wakaoa na kuolewa na watu wa mataifa mengine. Wajukuu walibaki na majina ya vyakula, salamu mbili tatu, na sala za Krismasi. Makanisa nayo yakaanza kuhubiri kwa Kiingereza ili vijana wasikimbie.

Kisha chuma chenyewe kikaanguka. Tanuri za Duquesne zilizimwa mwaka 1984, na kiwanda cha Homestead kilifungwa mwaka 1986. Watu walihama kutafuta kazi, na parokia nyingi za mabonde hayo ziliunganishwa au kufungwa. Hata bustani za tramu zilizofanana na Kennywood zilikufa moja baada ya moja: Euclid Beach ya Cleveland ilifungwa mwaka 1969, na Idora ya mji wa Youngstown mwaka 1984 baada ya kuungua moto. Kennywood ilidumu, na mwaka 1987 serikali ya Marekani iliitangaza kuwa mahali pa kumbukumbu ya historia ya taifa. Siku ya Waslovakia nayo ikaendelea kufanyika mpaka katika karne hii ya 21.

Mtu mwenye ukali aweza kusema: basi, imebaki mavazi na kabichi. Lakini asemaye hivyo ameangalia jukwaa, hakuangalia nyuma yake. Nyuma ya jukwaa vimesimama vyama vile vya kusaidiana, ambavyo baadhi yake vimeishi zaidi ya miaka 100. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilipoanzisha masomo ya kudumu ya lugha na utamaduni wa Slovakia, fedha zake za msingi zilitokana na michango ya vyama hivyo na watu wao. Slovakia ilipokuwa dola ya peke yake tarehe 1 Januari 1993, kijana wa Pennsylvania mwenye jina la Kislovakia aliweza kuingia darasani, katika mji uo huo alimofanya kazi babu wa babu yake, akafundishwa lugha ambayo mababu zake walikatazwa kufundishwa katika shule za sekondari. Senti za mazishi zimezaa mwalimu.

FUNZO LA HABARI HII

Hapa Afrika ya Mashariki sherehe za utamaduni ni nyingi, na wasiwasi juu ya lugha za wazazi ni mkubwa, hasa mijini, ambako mtoto huzaliwa Nairobi asiweze kuzungumza na bibi yake wa shambani. Yafaa tuwatazame Waslovakia wa Pennsylvania pasipo kuwasifu kupita kiasi.

Kwanza, siku moja katika mwaka haiwezi kufanya kazi ya siku 364 zilizobaki. Lugha huishi mezani, jikoni, na katika kumkemea na kumbembeleza mtoto. Mzazi anayemsemesha mtoto wake kwa lugha ya kigeni mwaka mzima, kisha akampeleka kutazama ngoma siku moja, amempa ganda bila kiini. Ngoma si badala ya maneno.

Pili, sherehe ambayo haina chama nyuma yake huisha wakati waanzilishi wake wanapochoka. Siku ya Waslovakia ilidumu kwa sababu watu wake walikuwa wamekwisha kufungamana kwa mambo ya lazima kabla ya mambo ya furaha. Walikuwa wamezikana, wamelishana watoto, wamekopeshana, wameandika majina katika daftari na kulipa michango bila kukosa. Watu wa namna hiyo wakiitana kwenda kucheza, huja.

Tatu, yale yaliyohifadhiwa kwa uaminifu, hata kama ni machache, yaweza kumfaa mtu asiyetazamiwa. Mjukuu ambaye hana ila jina la chakula na wimbo mmoja, ana angalau pa kuanzia kuuliza. Asiye na kitu chochote hajui hata kwamba amepoteza.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Waslovakia wa Pennsylvania walifanya kazi ngumu sana katika nchi isiyo yao, na bado walikataa kuiacha asili hiyo iende bure. Katika viwanja vya Kennywood watoto wao wamepanda farasi wa mbao kwa muda wa karibu miaka 100, na mbele yao, ng'ambo ya mto, tanuri la Braddock bado lawaka.